Wasia wa Mama: Mabibi katika Historia ya Waswahili

Mwanahistoria wa Uswahili amezoea kuanza na tarikhi, kama zile za Kilwa, Pate na Lamu. Humo hukuta wafalme, vita na nasaba za wanaume. Akiuliza jinsi jamaa zilivyodumu baada ya vita hivyo, tarikhi hunyamaza. Jibu alikuwa nalo bi mkubwa wa nyumba. Nia yetu hapa ni kuonyesha kwamba maarifa yake ni ushahidi wa historia, wala si pambo la mila.

Mfano ulio wazi ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepinga kwa muda mrefu mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, mjane huyu akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Nyumba ilikuwa imempoteza mkuu wake. Mamlaka ya kuusia yalibaki kwa mama.

Utendi huo umesomwa sana kama somo la utiifu kwa mume. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lilipewa jina la Kiingereza linalosisitiza wajibu wa mke. Usomaji huo una msingi, kwani beti nyingi zahusu jambo hilo. Hata hivyo, wasahau ni nani anenaye. Anayeagiza wino na karatasi ni mwanamke. Ndiye anayefundisha dini, adabu na kuuchunga ulimi, kisha akawaombea dua jamaa zake. Mwishoni awaita wanawake wengine wausome. Hivyo wasia wa nyumba moja ukawa mali ya wengi.

Mabibi wengi hawakuacha maandishi. Elimu yao ilipita kwa kungwi na mwari wake, kwa mazungumzo ya ukumbini na kwa malezi ya wajukuu. Ndiyo maana masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyochapishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel mwaka 1989, yana thamani kubwa. Ndoa, kazi, ngoma na kumbukumbu za utumwa zasimuliwa humo na wenyewe walioziishi au kuzirithi.

Lakini kumheshimu bibi si kulikubali kila neno lake. Mwana Kupona huyo huyo amwonya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Hekima ya nyumba ya kiungwana ilihifadhi pia mipaka ya uungwana. Mtafiti akiuficha ubeti huo kwa staha, atakuwa amemheshimu bibi wa mwungwana na kumnyamazisha bibi wa mtumwa, ambaye naye alikuwa na wajukuu na wasia. Heshima ya kweli ya mwanachuoni ni kuwasikiliza wote wawili, na kuandika walichosema kama walivyokisema.