Gobore na gumegume

Gobore (wingi: magobore, pia gobori, gobole), nomino, ngeli ya li-/ya-. Bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu.

Gumegume, nomino. Jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa na chuma. *Bunduki ya gumegume*: bunduki ambayo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe hilo.

Tofauti. Maneno haya si visawe. Gobore hutaja namna ya kushindilia. Gumegume hutaja namna ya kuwasha. Bunduki nyingi za gumegume ni magobore, lakini si zote: bunduki ya Patrick Ferguson, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1776, ilijazwa kwa nyuma ingawa iliwashwa kwa jiwe. Vilevile, magobore mengi hayana jiwe lolote, kwani huwashwa kwa fataki, njia iliyotokana na uvumbuzi ambao Alexander Forsyth aliupatia hataza mwaka 1807. Mfasiri anayeandika "gobore" pale matini inapozungumzia jiwe na cheche hupoteza habari hiyo.

Viungo. Mtutu (pia kasiba), mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, kitako, mtambo, yaani sehemu ya kufyatulia, kifa, yaani kisahani cha baruti ya kuwashia. Nyundo iliyobana gumegume hugonga bamba la chuma, cheche huangukia kifani, na moto hupenya tundu dogo hadi ndani ya mtutu.

Vitenzi. Bunduki *hutengenezwa*, lakini kila kiungo kina kitenzi chake: mtutu *hufuliwa*, kitako *huchongwa*, vipande vya mtambo *hupigwa tupa*. Matini kuhusu karakana ya Williamsburg, Virginia, inayohifadhi ufundi wa karne ya 18, huhitaji vitenzi hivi vyote.

Tahadhari. Gobore halimaanishi silaha iliyotengenezwa nyumbani. Katika habari za polisi nchini Tanzania neno hili mara nyingi huambatana na "lililotengenezwa kienyeji", na ndiyo maana wengi hudhani maana hiyo imo ndani ya neno lenyewe. Haimo. Linganisha:

– *Alikutwa na gobore.*
– *Alikutwa na gobore lililotengenezwa kienyeji.*

Sentensi ya kwanza haisemi nani aliliunda wala wapi. Huenda ni urithi wa babu. Mkalimani wa mahakamani akiifasiri kana kwamba ni ya pili, humwongezea mshtakiwa jambo ambalo shahidi hakulitamka. Kumiliki silaha bila kibali na kuitengeneza ni tuhuma mbili tofauti.

Matumizi ya kisitiari. *Mume gumegume*: mume asiye na manufaa kwa mkewe wala nyumba yake. Hapa jiwe wala bunduki havihusiki, na tafsiri ya neno kwa neno haifai.