Kwa nini waliona kuku tu?

Kuna kisa ambacho wataalamu wa mawasiliano wamekirudia kwa zaidi ya miaka 60 sasa. Mwingereza John Wilson alisimulia kwamba afisa mmoja wa afya alitengeneza filamu ya kuwafunza wanakijiji wa Kiafrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Filamu ilikwenda polepole makusudi: vidimbwi vinakaushwa, mikebe mitupu inaokotwa na kuwekwa kando. Ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu wakabaki vinywa wazi, maana wao wenyewe hawakujua kwamba kulikuwa na kuku humo! Ikabidi waikague picha moja baada ya nyingine. Kumbe kweli, pembeni, chini kabisa, kuku aliyeshtuliwa alikuwa ameruka kwa muda wa sekunde moja hivi.

Marshall McLuhan alikichukua kisa hiki katika The Gutenberg Galaxy (1962) kuwa ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hajui pia kutazama filamu. Mimi nakisoma vingine. Nani katika kijiji kile alihitaji kufunzwa kuokota mkebe? Lakini kuku akishtuka uani, mwenye boma huinua kichwa na kujiuliza kama ni mwewe au ni mwizi. Watu wale walitazama vizuri sana. Waliona kitu kimoja katika filamu nzima kilichokuwa na habari.

Wakoloni hawakuliona hilo. Kati ya 1935 na 1937 mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu kule Vugiri, Usambara, kuhusu mambo kama kilimo, afya na hata kuweka akiba posta. Gari likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mwaka wa 1939 Uingereza ikaunda kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe jambo moja moja, taratibu, bila ufundi wowote wa kamera. Eti asije akachanganyikiwa.

Sasa tazama lililotokea mijini, watu walipoanza kulipa kwa pesa zao wenyewe. Katika miaka ya hamsini, kumbi za sinema za Unguja na miji mingine ya pwani zilijaa watu waliokwenda kutazama Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka wa 1951 iliyoongozwa na Raj Kapoor. Ni ndefu, ina nyimbo na ndoto, na kisa chake kinarudi nyuma na kwenda mbele. Kwa kanuni za Sellers, hakuna ambaye angeielewa. Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi. Lakini walilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanasheria Raghunath anaamini kwamba mwana wa mtu mwema huwa mwema na mwana wa mwizi huwa mwizi, na kwa imani hiyo amewahi kumtia hatiani mtu aitwaye Jagga. Jagga anapotoka, analipiza kisasi kwa kumteka mke wa Raghunath, kisha anamrejesha. Mke ni mjamzito. Raghunath anaishuku mimba na kumfukuza mkewe. Mtoto, Raj, anakulia katika umaskini na kuingia wizini, akilelewa kihalifu na Jagga yuleyule. Mwisho anakutana na baba yake mahakamani.

Kwa Kiswahili kisa hiki chote tunacho katika maneno matano: mtoto wa nyoka ni nyoka. Filamu nzima ni mabishano na methali hiyo. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wa Zanzibar kuhusu sinema, ameonyesha jinsi Awara ilivyowapa nafasi ya kuzungumzia mapenzi na ndoa zilizopangwa na wazazi. Sipingi. Naongeza tu kwamba utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mtu mzima wa miaka ya hamsini alikuwa na nyanya aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake. Swali la "wewe ni mtoto wa nani?" halikuwa la salamu tu. Liliweza kuamua mtu ataoa wapi na atakaa wapi barazani.

Mimi si mtu wa pwani. Baba yangu alifungwa kwa wizi wa ng'ombe nikiwa darasa la tatu. Nilipokuwa darasa la sita, pesa za harambee zilipotea shuleni, na mwalimu mmoja akaniita mbele ya gwaride la asubuhi bila kuuliza mtu mwingine yeyote. Methali aliyoitumia unaijua. Pesa zilipatikana siku ya tatu ndani ya kitabu cha mahudhurio, ila hakukuitishwa gwaride jingine la kutangaza hilo. Awara niliitazama mwaka wa 1984, kwa kanda ya video, nyumbani kwa rafiki yangu Mombasa. Bibi yake, ambaye hakujua Kihindi hata neno, alikuwa akitutangulia: "Sasa mtazameni huyo baba." Nilitazama. Yule jaji alikuwa na uso wa mwalimu wangu.

Ndiyo maana nina shaka na wanaodai kwamba filamu itatugusa mradi tu inahusu nchi yetu. The First Grader (2010) inahusu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84. Mkenya mwenzetu Oliver Litondo aliigiza vyema sana. Historia ni yangu na mandhari ni yangu, lakini mzee yule na mwalimu wake wanaongea Kiingereza kingi mno kwa masikio yangu. Kilichonishika ni barua anayoihifadhi bila kuweza kuisoma. Huyo ndiye kuku wangu katika filamu ile.

Limebaki suala la jina, na hili ni la wanalugha. "Awara" tuliiteje? Yapo maneno mawili: mhuni na mzururaji. Ukoloni uliyapenda yote mawili. Vijana wasio na kazi mijini waliitwa wahuni, na uzururaji ukawa kosa la jinai. Kenya iliendelea kuwa na sheria hiyo hadi ilipofutwa mwaka wa 1997. Wengi waliojaa sinema walijua maana ya kukimbizwa na askari kwa kosa la kutokuwa na pa kwenda. Hata hivyo, maneno hayo hayalingani. Mzururaji ni mtu anayezunguka, na kesho anaweza kuketi. Mhuni ni tabia, na majirani wakishampa mtu jina hilo, hata watoto wake hawaponi. Ningeombwa kuitafsiri filamu ile leo, ningeandika Mzururaji. "Mhuni" ningemwachia Raghunath alitamke mwenyewe.