Mwenda Jean-Bosco na Nyimbo za Matangazo ya Biashara

Mwenda Jean-Bosco (1930–1990), mpiga gitaa mashuhuri wa Katanga aliyeishi Lubumbashi, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville mwaka 1952, na sifa za wimbo wake Masanga zikamtangulia hadi Nairobi, ambako, mwishoni mwa miaka ya 1950, alizitangaza kwa nyimbo dawa za Aspro za kutuliza maumivu ya kichwa. Televisheni ilikuwa haijafika Kenya, ikawa redio ndiyo iliyoieneza sauti yake. Si insafu kuihesabu kazi hiyo kuwa tijara tupu, kwani wapigaji wengi wa Kenya, waliomsikiliza kwa taadhima, walitaallamu kwake ufundi wa kupiga nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na shahada.