Tarehe ya Kiko cha Kivu: Kazi ya Mikono Isiyoandikwa

Anayetoka Sake kwenda Walikale hupita nchi mbili zisizofanana. Kwanza Masisi, kilomita za mraba 4,734 za vilima virefu, malisho, maharagwe na migomba. Akishaiacha Nyabiondo, barabara huteremka na msitu huanza, na huo ndio Walikale: kilomita za mraba 23,475 za miti, mvua na mito kama Oso na Lowa. Wahunde, Wanyanga, Wakano, Watembo, Wahutu, Watutsi na Batwa wote wana sehemu yao katika nchi hizi. Vizazi vya wazee wao vilivuta tumbaku kwa kiko kilichotengenezwa na mtu waliyemjua kwa sura na kwa jina. Siku hizi sigara za pakiti zinauzwa hadi sokoni vijijini, na waliojua kufinyanga viko wamebaki wachache. Tarehe hii inafuata kazi yao tangu tumbaku ilipofika, na inauliza kwa nini majina yao hayakuandikwa popote.

Tumbaku ilitoka Amerika. Columbus na mabaharia wake waliiona huko mwaka 1492, na katika karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 meli ziliifikisha katika pwani zote mbili za Afrika, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi. Kuingia bara hakukuhitaji meli wala jeshi. Mbegu za tumbaku ni ndogo mno. Za kutosha shamba zima hufungwa katika pindo la nguo. Wakuba wa Kasai husimulia kwamba mazao mapya kutoka magharibi, tumbaku ikiwamo, yaliletwa na mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17. Wanaakiolojia wa Maziwa Makuu hutumia vigae vya viko kupimia wakati: tabaka la ardhi lenye vigae hivyo mara nyingi huhesabiwa kuwa la karne ya 17 au baada yake. Kwa hiyo mfinyanzi wa kiko aliacha alama ambayo wataalamu bado wanaisoma, ila alama hiyo haina jina lake.

Kufikia karne ya 19 kila nchi ilikuwa na kiko chake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Usambara mwaka 1857, alikuta tumbaku ya milima ile imeshapata sifa pwani. Ilipondwa na kufinywa kuwa mikate, kisha ikabebwa hadi Zanzibar. Waswahili wa pwani waliivuta kwa kiko cha maji: toza ya kuwekea tumbaku na kaa la moto, digali linaloshuka hadi kwenye kifuu au kibuyu chenye maji, na shilamu ya kutia mdomoni. Mlio wa maji yale waliuita malio ya kiko.

Msituni watu walitumia walichokuwa nacho. Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya Kongo ya leo. Huko aliona uti wa jani la mgomba uliotobolewa kwa kijiti kutoka mwanzo hadi mwisho ukawa mrija, na jani lililokunjwa kama faneli likachomekwa kushika tumbaku. Jani likiungua hutupwa, lingine hukunjwa. Wambuti wa Ituri nao walijulikana kwa mrija mrefu wa mgomba, wenye kichwa cha udongo kwenye ncha. Mrija mrefu una faida yake: moshi hupoa njiani kabla ya kufika kooni, na unyevu wa mgomba husaidia kuupoza. Aliyekigundua chombo hiki aliujua mgomba kwa undani.

Kiko kilifanya hata kazi za utawala. Wasafiri Wajerumani Hermann von Wissmann na Paul Pogge, waliopita Kasai mwaka 1881, walikuta Wabashilange wa mtawala Kalamba wameteketeza hirizi zao za zamani na kujiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Walikusanyika jioni kuvuta pamoja kwa kiko kikubwa cha kibuyu, na wageni walipokelewa kwacho. Wissmann aliandika pia kwamba mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa hadi azimie. Bangi si tumbaku, na habari hii si ya Kivu. Lakini inaonyesha kwamba chombo cha kuvutia kiliweza kufunga mapatano, na kwamba aliyekitengeneza alikuwa na nafasi yake katika mambo ya umma.

Kazi yenyewe huanzia bondeni. Udongo mfinyanzi huchimbwa kwenye kinamasi, hukaushwa, hutwangwa na kutolewa mawe na mizizi, kisha hulowekwa na kukandwa mpaka ushikane. Kichwa cha kiko ni kidogo kuliko chungu, lakini kina masharti magumu kuliko chungu. Kaa la moto hukaa ndani yake kila siku, likiwaka na kuzimika. Udongo laini mtupu hupasuka baada ya muda mfupi, kwa hiyo huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili udongo upate pa kupanukia kwa joto. Unene lazima uwe wa kadiri: ukizidi kiko hakikauki sawasawa, ukipungua kinaunguza vidole. Tundu la moshi hutobolewa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi, na likienda upande kidogo tu kiko hakivuti. Kikishasuguliwa kwa kokoto laini huachwa kivulini siku kadhaa, maana jua la haraka hukipasua. Kisha huchomwa pamoja na vyungu katika moto wa wazi wa nyasi na kuni, wenye joto la kati ya nyuzi 600 na 900. Mfinyanzi hukigonga kwa ukucha: kikilia vizuri kimeiva, kikitoa mlio mzito kina ufa.

Katika Maziwa Makuu wafinyanzi waliojulikana kuliko wote ni Batwa. Walitoka msituni na mabondeni na vyungu na viko, wakarudi na maharagwe, mtama au ndizi. Mkulima alipanda tumbaku, mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba ukatoa mrija, na Mtwa akatoa kichwa cha udongo. Hivyo kiko kimoja kilihitaji watu wa jamii mbalimbali, na mzee aliyekivuta barazani akiwa na kasiksi yake, pombe ya ndizi, alikuwa ameshika kazi ya jirani yake. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Masisi imeumizwa sana na wale wanaodai kwamba majirani hawa hawajawahi kuhitajiana.

Kisha Wazungu wakafika Kivu kwenyewe. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipanda volkano ya Nyiragongo, kisha akakata msitu kuelekea magharibi mpaka mto Lowa na mto Kongo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1897, Mfalme Leopold II alifungua maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels, na kutokana nayo likazaliwa jumba la makumbusho lililokamilika mwaka 1910. Tangu hapo vitu vya Kongo viliingia Ulaya kwa masanduku: vinyago, ngoma, mikuki, viti, viko. Mara nyingi kibandiko kilitaja kabila, mahali na jina la Mzungu aliyekikusanya. Jina la mtu aliyekifinyanga liliachwa.

Kwamba ingewezekana kuliandika, Walikale yenyewe ni shahidi. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtambaji wa Kinyanga alitamba kisa cha shujaa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili, mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa mwenyewe Mnyanga. Jina la mtambaji limo: Shekarisi Candi Rureke. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa fasihi duniani wanamjua mzee wa msituni ambaye hawakumwona. Mfinyanzi wa zama zake, aliyeishi katika vijiji hivyo hivyo, hajulikani.

Kwingineko duniani mambo yalikwenda vingine. Huko Gouda, Uholanzi, chama cha mafundi wa viko kilianzishwa mwaka 1660, na kila fundi alikuwa na alama yake iliyosajiliwa. Huko Broseley, mji mdogo wa Shropshire nchini Uingereza, mafundi wa karne ya 17 walipiga muhuri wa majina yao kamili kwenye kisigino cha kiko cha udongo. Kiwanda cha mwisho cha mji huo, cha ukoo wa Southorn, kilifunga mlango mwishoni mwa miaka ya 1950, na vifaa vikabaki vilipokuwa. Mwaka 1996 kilifunguliwa kuwa makumbusho. Anayeingia huona kalibu na meza za kazi, na anaweza kusoma ni nani alifanya nini. Ni nyumba ndogo katika mji mdogo, ya kazi iliyoonekana ya chini, na inatosha.

Hata Afrika Mashariki ina mfano wa karibu, ingawa ni wa upande mmoja. Katika karne ya 20 jiwe jeupe jepesi la sepiolaiti lilichimbwa Sinya, katika bonde la Amboseli kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, na viko vilitengenezwa Arusha vikiwa na chapa ya tembo na jina la Kiko. Vilisafiri hadi Ulaya na Marekani, na wakusanyaji bado wanavitafuta. Chapa imebaki midomoni mwao. Majina ya Watanzania waliovichonga hawayataji.

Kwa wafinyanzi wa Kivu hasara ilikwenda mbali zaidi ya jina. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ikaingia ndani ya Walikale. Batwa walitolewa kwenye msitu wao, wakapoteza mahali pa kuchimba udongo, kuokota kuni na kuishi. Plastiki na sufuria za alumini zilipojaa sokoni, chungu kilikosa mnunuzi, na kiko kilichochomwa katika moto uleule kikapungua nacho. Haki imechelewa kuja. Sheria ya Kongo ya kulinda jamii asilia za Mbilikimo ilitiwa saini Julai 2022, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega.

Kisha vita. Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Tangu hapo ni miaka michache tu iliyopita bila watu kukimbia. Januari 2025 mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23, Machi ikafuata Walikale, na maelfu wakaingia njiani tena. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Kiko cha udongo huachwa, na mzee anayejua kukifinyanga hufia kambini, mbali na kinamasi chake.

Kongo inajua kujenga makumbusho. Kinshasa ilipata Makumbusho ya Taifa mapya mwaka 2019, kwa msaada wa Korea Kusini. Bukavu ina makumbusho ya wamishonari Waksaveri yanayohifadhi kazi za Walega na majirani zao. Ng'ambo ya mpaka, Huye nchini Rwanda, makumbusho ya maisha ya watu yalifunguliwa mwaka 1989. Goma ilimjengea mwendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu mwaka 2009, ishara kwamba Kivu huweza kuitukuza kazi ya mikono yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi makumbusho ya kiko cha Masisi na Walikale yaanze na daftari, kabla ya kabati la kioo. Wanafunzi wa historia wa Goma, walimu wa shule za msingi, maparokia na masultani wanaweza kulianzisha leo, hata kambini. Waandike jina la kila mfinyanzi aliye hai na la aliyemfundisha; bonde alikochimba udongo; alichochanganya; namna alivyochoma; alilipwa nini. Wampige picha mikono ikiwa kazini, kwa ruhusa yake na kwa malipo, maana ujuzi wake ni mali yake. Vitu vitakusanywa baadaye, kila kimoja kikiwa na jina la aliyekifanya mbele ya jina la aliyekileta.

Kuitunza kazi hii si kuitetea tumbaku. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na mtoto atakayeingia makumbusho hayo aambiwe hivyo waziwazi. Aambiwe pia kwamba jani la kigeni lilipofika katika vilima hivi, watu wake walilitengenezea chombo kwa udongo, kibuyu na mgomba, na kwamba Mtwa ndiye aliyekuwa fundi. Akitoka awe anaweza kuwataja mafundi hao kwa majina. Wengine bado wako hai, na kazi ya kuwauliza haisubiri jengo wala mfadhili.