SuperDARN

SuperDARN ni mtandao wa kimataifa wa rada zaidi ya 30 zinazochunguza angahewa ya juu katika maeneo ya ncha ya kaskazini na ncha ya kusini ya dunia. Shabaha yake kuu ni ionosfera, tabaka ambamo mionzi ya Jua na chembe zitokazo anga za mbali hung'oa elektroni kwenye atomi na kuacha gesi yenye chaji iitwayo plazma. Rada hupima mwendo wa plazma hiyo, na mwendo huo huonyesha jinsi nishati ya upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, inavyoifikia dunia.

Historia

Rada ya kwanza ya aina hii ilijengwa mwaka 1983 huko Goose Bay, Labrador, nchini Kanada, na kundi la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lililoongozwa na Raymond Greenwald. Mwaka 1988 ilifuata ya Halley, kituo cha Waingereza katika bara la Antaktika. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi: anga linalotazamwa na Halley limeunganishwa kwa mistari ya ugasumaku wa dunia na lile linalotazamwa na Goose Bay, hivyo tukio moja liliweza kufuatiliwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1990 mtandao ulipanuka. Leo zimo pia Ufaransa, Japani, Italia, Australia, China na Afrika Kusini, ambayo rada yake iko katika kituo chake cha Antaktika, SANAE IV.

Utendaji

Rada hizi hutumia mawimbi ya masafa mafupi, kati ya megahezi 8 na 20, jamii ileile iliyobeba matangazo ya redio za kimataifa kwa miongo mingi. Karibu na ncha, mistari ya ugasumaku husimama karibu wima, na mwangwi mzuri hupatikana pale tu wimbi linapoikata mistari hiyo kwa pembe mraba. Wimbi la masafa mafupi hupindwa na ionosfera yenyewe hadi kuikata hivyo. Hapo hukutana na mikunjo midogo ya plazma: wimbi la megahezi 10, lenye urefu wa mita 30, hurudishwa na mikunjo iliyopishana kwa mita 15. Athari ya Doppler katika mwangwi, yaani badiliko la masafa linaloletwa na mwendo, hutoa kasi ya plazma.

Rada ya kawaida ina antena kuu 16 zilizopangwa mstari mmoja. Hakuna kinachozungushwa. Mawimbi hucheleweshwa kidogo kutoka antena moja hadi nyingine, na boriti huelekea upande unaotakiwa. Kwa dakika moja au mbili rada hupitia pande 16, ikigawa kila upande katika vipande vya kilomita 45, hadi umbali wa zaidi ya kilomita 3,000.

Hata hivyo, rada moja hujua tu kasi ambayo plazma inaisogelea au inaikimbia nayo. Kwa hiyo nyingi hujengwa kwa jozi, mbili zikitazama anga lilelile kutoka pande tofauti, ili kupata kasi na mwelekeo kamili.

Matokeo

Mwaka 1961 mwanafizikia James Dungey alieleza kwamba ugasumaku uliobebwa na upepo wa Jua ukielekea kusini huungana na ule wa dunia. Plazma huburutwa juu ya ncha kutoka upande wa mchana hadi wa usiku, kisha hurejea kupitia pande za alfajiri na jioni, ikifanya mizunguko miwili. Kasi yake inaweza kuzidi mita 1,000 kwa sekunde. Satelaiti hupima kwenye njia yake tu. Mtandao huchora mzunguko mzima na kuonyesha unavyobadilika kwa dakika. Mwangwi wa njia za vimondo nao hutumika kupima upepo wa kimo cha kilomita 90 hivi.

Mipaka

Dhoruba za Jua zikileta protoni zenye nguvu, ionosfera ya chini humeza mawimbi na mwangwi hupotea. Mizunguko pia hutanuka kuelekea ikweta, nje ya upeo wa rada za ncha. Ndiyo sababu tangu ile ya Wallops Island, Marekani, mwaka 2005, zimejengwa rada nyingine katika latitudo za kati. Kazi hiyo ni muhimu, kwa kuwa pasipo na mwangwi ramani hutegemea wastani wa takwimu za zamani, na dhoruba kubwa ndiyo hasa hali ambayo wastani huo hauwezi kuieleza.