Mbwa Walitangulia, Nyumba Zikafuata

Ua wa mbwa wa sleji huwa kimya sehemu kubwa ya siku. Mbwa thelathini au arobaini wamejikunja, pua chini ya mkia, kila mmoja na kijumba chake cha mbao kilichotandikwa majani makavu, kila mmoja na mnyororo wa mita mbili hivi ulioshikwa na pete inayozunguka nguzo ya chuma. Kisha mwenyewe anatoka na ndoo ya supu ya samaki na mafuta. Mbwa wa kwanza anarukia paa la kijumba chake na kubweka. Kabla hajashusha pumzi, wote wako juu ya mapaa. Kelele hiyo husikika mbali, hasa baridi inapokuwa kali na hewa imetulia. Ndoo zikishapita, ua mzima unanyamaza kwa mpigo mmoja. Kwa mwendesha sleji hiyo ni sauti ya kazi. Kwa aliyehamia nyumba ya pili mwezi uliopita na mtoto mchanga, ni malalamiko ya kupeleka halmashauri.

Malalamiko ya namna hiyo yamezijaza ofisi za mipango za Alaska kwa miongo mingi, na yana wenzake Kanada, Greenland na Svalbard. Swali ni lilelile: mbwa wa kazi walale umbali gani kutoka kwa watu? Majibu yametofautiana sana, na mengine yalitolewa kwa bunduki.

Kwa Marekani, mzizi wa kisheria uko mbali na theluji. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi kati ya kijiji cha Euclid, Ohio, na kampuni ya ardhi ya Ambler. Uamuzi huo uliziruhusu serikali za mitaa kugawa ardhi kwa kanda: hapa makazi, pale viwanda. Jaji George Sutherland alieleza kwamba kero inaweza kuwa kitu chema kabisa kilichowekwa mahali pasipo pake, akatoa mfano wa nguruwe anayekaa sebuleni badala ya zizini. Wanasheria wanaupenda mfano huo mpaka leo. Lakini ndani yake kuna dhana isiyosemwa, kwamba sebule ilikuwapo na nguruwe ndiye aliyeingia. Alaska mambo yalikwenda kinyume: sebule ndiyo iliyohamia zizini.

Mwaka mmoja tu kabla ya hukumu ya Euclid, mbwa wa sleji wa Alaska walikuwa mashujaa wa taifa. Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo ulizuka Nome, mji wa pwani ya magharibi ya Alaska, na daktari wake, Curtis Welch, hakuwa na dawa inayofaa. Dawa ilifika kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo waendesha sleji 20 na mbwa wapatao 150 waliipokezana kwa kilomita zaidi ya 1,000, kwa siku tano na nusu. Leonhard Seppala na mbwa wake Togo ndio walioshika kipande kirefu na cha hatari zaidi; Gunnar Kaasen na Balto ndio walioingia Nome, na sifa zikawaendea wao. Kabla mwaka haujaisha, sanamu ya Balto ilikuwa imesimamishwa Central Park, katikati ya New York, jiji ambalo lilijiwekea kanuni za kanda tangu 1916. Mbwa wa shaba habweki usiku, wala hana kinyesi cha kuzoa.

Wakati huo hakuna aliyeuliza mbwa wa Alaska walale wapi. Walilala karibu na mlango, kwa sababu ndio waliokuwa gari la posta, la kuni, la mgonjwa na la maiti. Mambo yalianza kugeuka pikipiki za theluji zilipofika vijijini katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 Chester Noongwook wa Savoonga, katika kisiwa cha St. Lawrence, alifunga safari za posta za sleji. Baada yake njia za kawaida za posta kwa mbwa zikaisha Alaska. Mashine haihitaji samaki wakati wa kiangazi. Nyua za mbwa zikatoweka kijiji kwa kijiji.

Aliyeudhika zaidi na hali hiyo ni Joe Redington, aliyehamia Alaska mwaka 1948 na kujipatia ardhi Knik, kando ya njia ya zamani ya wachimba dhahabu. Akishirikiana na Dorothy Page na wengine, alifufua njia hiyo kwa mashindano ya sleji yaliyoitwa Iditarod. Mwaka 1973 Iditarod ya kwanza ya kwenda hadi Nome ilikimbiwa, na mshindi, Dick Wilmarth, alitumia karibu siku 20. Mwaka mmoja kabla yake, 1972, jimbo lilikuwa limeutangaza uendeshaji wa sleji za mbwa kuwa mchezo wake rasmi. Mbwa wakarudi kwa mamia, ila safari hii hawakurudi mlangoni kwa kila mtu. Walirudi kwa wachache wanaofuga wengi, na hapo ndipo ugomvi wa ujirani ulipozaliwa. Familia kumi zenye mbwa saba saba hazimshtui mtu. Familia moja yenye mbwa sabini ina jirani, na jirani ana wakili.

Tena jirani mwenyewe aliongezeka. Wilaya ya Matanuska-Susitna, inakopatikana Knik, ilikuwa na watu 6,509 katika sensa ya 1970. Sensa ya 2020 iliwahesabu 107,081. Fedha za bomba la mafuta, lililojengwa kati ya 1975 na 1977, zilileta wafanyakazi. Bei za nyumba za jiji jirani la Anchorage zikawasukuma wengine hadi wilayani humo. Barabara zikakata njia za mbwa, na njia za mbwa zikageuka barabara za kuingilia mitaa mipya. Hata mashindano yenyewe hayakusalimika. Kwa miaka mingi timu zilianza mbio halisi kutoka Wasilla, makao makuu ya Iditarod, lakini mwaka 2008 mwanzo huo ulihamishiwa Willow moja kwa moja, kaskazini zaidi, kwa sababu theluji ilikuwa haitabiriki na mji ulikuwa umejaa.

Halmashauri za wilaya kama Matanuska-Susitna na Fairbanks zilianzishwa mwaka 1964, zikiwa na mamlaka ya mipango, na tangu hapo mbwa wakawa suala la mikutano. Kwa kawaida mfugaji huomba kibali. Majirani hupewa notisi. Tume ya mipango hukaa jioni kusikiliza. Huzungumzwa ukubwa wa kiwanja, umbali kutoka mpaka hadi kwenye kijumba cha kwanza, miti inayozuia sauti, na jinsi kinyesi kinavyoondolewa. Hili la mwisho lina uzito kuliko msomaji wa nchi za joto anavyoweza kudhani: majira ya baridi kila kitu huganda, na theluji inapoyeyuka, uchafu wa miezi sita ambao mvivu hakuuzoa hujitokeza kwa siku moja na kuelekea kisimani.

Aliyekuwapo kabla ya kanda kutangazwa huwa na ulinzi. Sheria za Marekani humruhusu kuendelea na matumizi ya zamani, mradi asiyapanue wala asiyaache kwa muda mrefu. Ni kanuni ya haki, na kwa kiwanda cha matofali inafanya kazi vizuri. Kwa ua wa mbwa ni kazi ngumu, kwa sababu ua ni kitu kinachozaa na kuzeeka. Timu ya Iditarod haizidi mbwa 16; lakini nyuma ya hao 16 kuna wanaofunzwa, kuna vitoto vya msimu huu, na kuna wazee waliostaafu ambao hakuna mwendesha sleji mwenye utu atakayewatupa. Karani akija na daftari, wote ni vichwa. Mfugaji anayetunza wazee wake anaonekana amepanua biashara, na anayewaondoa anaonekana mtiifu. Mimi sioni busara katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, kikao cha jioni cha Alaska, pamoja na ukali wake wote, ni kikao. Mwenye mbwa anasimama na kusema. Kaskazini mwa Kanada kizazi kimoja kabla hawakupata hata hilo.

Huko, hadi miaka ya 1950, Wainuit wengi waliishi katika kambi ndogo za uwindaji zilizotawanyika pwani. Qimmiit, mbwa wao, hawakufungwa muda wote. Mbwa aliyefungwa tangu utotoni hadhoofiki misuli tu. Hajifunzi pia kuishi na wenzake, na kiangazi, timu ilipokuwa haina kazi, mara nyingi waliachwa kwenye visiwa wajitafutie. Serikali ilipoanza kuwakusanya watu kwenye makazi yenye shule, zahanati na duka, iliwakuta na mbwa wao. Watoto walikuwa wakicheza kati ya nyumba, na mbwa mwenye njaa anaweza kumuua mtoto. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Kichaa cha mbwa na distempa navyo vilikuwa vya kweli. Suluhisho likawa kwamba mbwa wafungwe, na atakayeonekana huru apigwe risasi.

Katika Northwest Territories, sheria ya mbwa ilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, nayo iliongezewa makali baada ya vita. Katika Nunavik, kaskazini mwa Quebec, polisi walitumia sheria ya jimbo iliyohusu uharibifu wa mali za wakulima, iliyoruhusu kuua mbwa wazururaji. Ilitungwa kwa ajili ya kondoo wa kusini. Nunavik hakuna kondoo, hakuna hata mti wa kumfungia mbwa katika sehemu yake kubwa. Minyororo haikupatikana kirahisi, na kamba ya ngozi mbwa huila. Wainuit wengi hawakuisoma sheria yenyewe wala hawakusomewa kwa lugha yao.

Ushuhuda uliotolewa baadaye unafanana kwa namna inayouma. Mtu amekuja dukani kuuza ngozi. Akitoka, timu yake imelala chini imekufa. Mwingine alikuwa hospitalini. Mwingine aliwaona wakipigwa risasi wakiwa bado wamefungwa kwenye sleji. Hasara haikuwa ya mnyama tu. Aliyekuja makazi kwa wiki moja hakuwa tena na namna ya kurudi kambini, hana namna ya kuwafikia sili, na pikipiki ya theluji iliuzwa kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Akabaki pale, katika nyumba ndogo ya serikali, akisubiri msaada. Kanuni iliyoandikwa kuhusu mahali pa kumweka mbwa ikawa imeamua mahali pa kumweka mtu.

Polisi wa shirikisho walijichunguza wenyewe na mwaka 2006 wakasema hapakuwa na njama yoyote ya kuangamiza mbwa. Wainuit hawakuridhika. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, chini ya jaji James Igloliorte, ilizunguka jamii za kisiwa cha Baffin na eneo jirani na kukamilisha ripoti yake mwaka 2010. Mwaka huohuo jaji mstaafu Jean-Jacques Croteau alitoa ripoti kuhusu Nunavik: polisi wa Quebec waliua mbwa zaidi ya 1,000 bila kujali maana yake kwa wenyewe. Quebec ililipa dola milioni 3 mwaka 2011. Serikali ya shirikisho iliomba radhi Iqaluit mwaka 2019, kwa Wainuit wa Qikiqtani. Nunavik ilingoja tena.

Greenland ilichukua njia nyingine, labda kwa sababu huko hakuna anayemiliki ardhi. Mtu hupewa haki ya kutumia kipande, na mji ndio unaosema mbwa wakae upande gani. Mbwa wa sleji wanaruhusiwa kaskazini ya Mstari wa Aktiki upande wa magharibi na katika Greenland ya Mashariki, na katika eneo hilo mbwa wa aina nyingine hawaruhusiwi kufugwa, ili damu isichanganyike. Kwa maneno mengine, kanda ilichorwa kumlinda mbwa. Miji ya Sisimiut na Ilulissat imewasogeza pembezoni, kwenye miamba, ambako wakubwa hufungwa na vitoto huzurura. Hilo halijazuia idadi kushuka karibu nusu katika miongo miwili. Mashine, bei ya chakula na barafu ya bahari isiyoaminika hazisomi ramani.

Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard, nako nyua kubwa ziko nje ya mji, katika bonde la Adventdalen. Huko kumetokea jambo ambalo hakuna afisa wa mipango aliyeliandika: kila mwanzo wa kiangazi, bata wa bahari aina ya eider huja kutaga mayai kando kabisa ya ua, kwa kuwa mbweha wa Aktiki huwaogopa mbwa waliofungwa. Ni majirani wa nadra, waliohamia kwa mbwa kwa hiari yao na hawajaandika barua.

Novemba 2024, katika kijiji cha Kangiqsujuaq, waziri wa shirikisho Gary Anandasangaree hatimaye aliwaomba radhi Wainuit wa Nunavik, na Kanada ikaahidi dola milioni 45, sehemu yake ikiwa ya kufufua ufugaji wa mbwa wa sleji. Mbio za Ivakkak, zinazounganisha vijiji vya eneo hilo tangu 2001, zilikuwa zimekwisha kuanza kazi hiyo. Kwa hiyo timu zinaongezeka tena, na swali la mahali pa kuwaweka limerudi mezani. Tofauti ni kwamba mabaraza ya vijiji yanayotunga sheria ndogo za mbwa sasa ni ya Wainuit wenyewe. Nayo huwaweka mbwa nje kidogo ya kijiji, mbali na watoto, na si ajabu kumwona mwenye timu akienda kuwalisha jioni kwa pikipiki ya theluji.