Usafishaji wa viunganishi vya amplifaya
Usafishaji wa viunganishi vya amplifaya ni uondoaji wa kutu na uchafu kwenye vyuma vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme: swichi, soketi na volyumu. Katika nyumba za Karen, Nairobi, vumbi jekundu la kiangazi huingia kupitia matundu ya kupozea. Dalili yake ni spika kukwaruza volyumu inapozungushwa. Umeme wa Kenya ni volti 240, hivyo plagi huchomolewa kwanza. Hata hapo kapasita huweza kubaki na chaji ya kuua, hasa kwenye amplifaya za valvu, na lazima zipimwe kwa mita kabla ya kuguswa. Swichi na soketi husafishwa kwa alkoholi ya isopropili, zikaachwa zikauke kabisa. Volyumu huhitaji dawa yenye kilainishi. Msasa haufai: hung'oa dhahabu au fedha iliyopakwa juu.